Miche inaota vizuri kisha inaanguka: je, kosa ni la makopo?

Swali: Nimeanza kuotesha miche ya mboga nyumbani bila kununua trei. Natumia trei za mayai za karatasi, makopo ya bati, vikombe vya mtindi, chupa za maji zilizokatwa na maboksi ya juisi. Nyanya, kabichi na pilipili hoho huota vizuri, lakini baada ya siku chache baadhi huanguka shinani na mingine hurefuka na kuwa myembamba mno. Ile michache inayofika bustanini huungua na jua, au asubuhi naikuta imelala, shina limekatwa usawa wa udongo. Vyombo vyote navipanga dirishani kwenye sinia moja na kumwagilia kila jioni. Je, niachane na hivi vitu nikanunue trei maalumu? Na kama vinafaa, nivitumieje, hata katika kuilinda miche ikishatoka nje?

Jibu: Usivitupe. Trei ya dukani ni plastiki yenye vyumba na matundu, na kikombe cha mtindi kilichotobolewa vizuri hufanya kazi ileile. Katika maelezo yako kuna jambo moja umelitaja kwa kupita tu, nalo ndilo lililonisimamisha: vyombo vyote viko kwenye sinia moja na vyote hupata maji kila jioni. Trei ya mayai ya karatasi hunyonya maji na kuyapoteza hewani kwa pande zote. Penye jua inaweza kuwa imekauka kabla ya saa sita mchana. Kopo la bati lenye tundu moja, au lisilo na tundu kabisa, hubaki limelowa kwa siku kadhaa. Ukivipa vyombo hivyo viwili maji sawa kwa saa ileile, upande mmoja miche inakufa kwa kiu na upande wa pili inakufa kwa kuzama.

Kwa hiyo kabla ya kuweka mbegu, jiulize mambo mawili kuhusu kila chombo: maji yatatokaje humu, na mche utakaa humu kwa muda gani. Karibu kila ninachokueleza hapa chini kinatokana na maswali hayo.

Nianze na kuanguka shinani, maana ndiko kunakokupotezea miche mingi zaidi. Huo ni ugonjwa, unaitwa kinyausi. Unaletwa na vimelea vya udongoni, hasa vya jamii ya Pythium na Rhizoctonia. Ukiuangalia mche ulioanguka utaona shingo yake, pale inapokutana na udongo, imelainika, imebadilika rangi kuwa kahawia na kusinyaa, ilhali majani yaliyo juu bado ni ya kijani. Mche ulioanguka hauponi. Uondoe pamoja na udongo unaouzunguka, kisha shughulika na ile iliyosimama: punguza maji, isogeze penye hewa, ondoa kifuniko chochote. Pythium huzaa chembe zinazoogelea ndani ya maji yaliyojaa kati ya punje za udongo, ndiyo maana udongo uliotota huusafirisha ugonjwa kutoka mche mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi. Hatari ni kubwa katika wiki mbili tatu za mwanzo. Mche ukishatoa majani halisi mawili au matatu, yaani yale yanayofuata majani ya mbegu yanayotangulia kuchipua, na shina likakomaa kidogo, hauangushwi kirahisi.

Kumwagilia jioni kunaupa ugonjwa huo nafasi. Uso wa udongo unabaki umelowa usiku kucha, hakuna jua wala upepo wa kuukausha. Hamishia kazi hiyo asubuhi. Tena usimwagilie kwa kufuata saa wala siku; fuata uzito. Nyanyua kikombe kikiwa kimetoka kumwagiliwa, kihisi mkononi, kisha kinyanyue tena kesho. Baada ya muda mfupi mkono wako utajua kikombe chenye kiu. Kama chombo ni kizito mno kunyanyua, ingiza kidole hadi pingili ya kwanza. Pakiwa na unyevu, acha.

Vipange vyombo kwa aina. Vya karatasi vikae pamoja, vya plastiki pamoja, vya bati pamoja, kila kundi na sinia lake. Hatua hii haigharimu chochote, nami naamini itaokoa miche yako mingi kuliko dawa yoyote unayoweza kununua.

Sasa matundu. Kikombe cha mtindi cha kawaida kinahitaji matundu manne hadi sita ya upana wa nusu sentimita hivi, na yawe pembezoni mwa kitako, si katikati peke yake, kwa sababu vikombe vingi vina kitako kilichoinuka katikati na maji hubaki kwenye ukingo. Kopo la bati litoboe kwa msumari kutoka ndani kwenda nje, ili ncha zilizochanika zitokeze chini na zisizuie maji kutoka. Ukingo wa juu wa bati hukata vidole, kwa hiyo ukunje kwa koleo au uuzungushie utepe. Plastiki unaweza kuitoboa kwa msumari uliopashwa moto, lakini fanya hivyo nje, usivute ule moshi. Halafu vyombo visikae moja kwa moja juu ya sinia. Viinue kwa vifuniko vya chupa au vijiti viwili, kwa kuwa kitako kinachogusana na sinia huziba matundu yake chenyewe. Maji yanayokusanyika kwenye sinia yamwage baada ya nusu saa.

Watu wengi huweka kokoto chini ya kopo wakiamini maji yatatoka vizuri zaidi. Ushauri huu umeenea sana, nami naupinga. Udongo wenye punje ndogo hushikilia maji katika nafasi zake finyu, na hauyaachii yaingie kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka utote kabisa. Matokeo yake, lile tabaka la udongo uliojaa maji, ambalo lingekaa chini kabisa ya chombo, hupandishwa juu likasogelea mizizi. Kopo lako linakuwa fupi zaidi na lenye maji zaidi. Ukihofia udongo kumwagika kupitia matundu, tandika kipande cha kitambaa chepesi au karatasi moja. Inatosha.

Jambo hilohilo linaeleza kwa nini trei ya mayai inasumbua. Tabaka la maji linalobaki chini ya chombo baada ya kumwagilia huwa na kimo karibu kilekile, chombo kiwe kirefu au kifupi. Kwenye kopo refu tabaka hilo ni sehemu ndogo ya udongo wote. Kwenye kijumba cha yai linaweza kuwa karibu udongo wote. Kwa hiyo trei ya mayai ikimwagiliwa inatota, na saa chache baadaye karatasi imeshanyonya na kukausha kila kitu. Itumie kuoteshea tu. Mbegu ikishachipua na jani halisi la kwanza likaanza kuonekana, hamisha mche kwenye chombo kikubwa zaidi. Ukichelewa, mizizi ya vijumba jirani hushikana ndani ya karatasi, na kutenganisha ni kukata. Miche iliyokaa muda mrefu kwenye karatasi pia huwa ya njano, kwa sababu vijidudu vinavyoiozesha karatasi hutumia naitrojeni ileile ambayo mche unaihitaji.

Vikombe vya mtindi na vyombo vya plastiki vya ukubwa huo ndivyo ningekushauri uvikusanye kwa wingi. Vinaoshwa, vinarudiwa msimu baada ya msimu, na kimo chake kinaitosha nyanya, hoho, bilinganya na kabichi hadi siku ya kuhamishwa. Kasoro yake ni ukuta laini wa mviringo: mche ukikaa kupita kiasi, mizizi huanza kuzunguka ndani. Ukiikuta hivyo siku ya kupanda, ilegeze taratibu kwa vidole ili ielekee nje.

Boksi la juisi au maziwa ni chombo kizuri kuliko watu wanavyolichukulia. Limetengenezwa kwa karatasi iliyopakwa plastiki, na mengi yana utando wa alumini ndani, hivyo halilegei kwa maji. Likate likiwa limesimama, ubaki na kina cha sentimita kumi hivi, utoboe kitako, na una chungu cha pembe nne. Pembe hizo huipunguzia mizizi tabia ya kuzunguka. Uzuri wake mkubwa unauona siku ya kupanda: unakata pembe mbili kwa mkasi, unalifungua, na donge la udongo linatoka zima bila mzizi kukatika. Likilazwa na kukatwa upande mmoja linakuwa trei ndefu ya kusia vitunguu au saladi. Ila usilizike ardhini pamoja na mche ukidhani ni karatasi. Ile plastiki na alumini haviozi.

Mirija ya karatasi ya chooni na vyungu vya gazeti vinafaa kwa mimea isiyopenda kuguswa mizizi: matango, maboga, maharage. Hapo unapanda mche pamoja na chombo chake. Gazeti lisokote kuzunguka chupa ndogo, kunja kitako, chomoa chupa. Tumia karatasi za kawaida zenye maandishi meusi, si zile za kung'aa za majarida. Vipange kwa kubanana kwenye kisanduku ili visifunguke. Ukungu mweupe unaoonekana kwenye karatasi hauna madhara makubwa, lakini unakuambia maji yamezidi. Siku ya kupanda, chana ukingo wowote wa karatasi unaobaki juu ya ardhi. Ukiuacha, utafyonza unyevu kutoka kwenye mizizi na kuupeperusha, na mche utakauka katikati ya bustani iliyomwagiliwa.

Chupa ya maji iliyokatwa inafaa, ila inapitisha mwanga hadi kwenye mizizi na kuotesha mwani wa kijani ukutani. Ifunike kwa gazeti au kipande cha boksi. Bati hushika joto kali likipigwa na jua, kwa hiyo liweke penye kivuli cha mchana au livalishe karatasi. Maganda ya mayai, ambayo watu huyapenda kwa sura, mimi siyapendekezi: ni madogo mno, hukauka haraka, na kalsiamu iliyo ndani yake haimfikii mche katika wiki chache za kitaluni. Yasage uyaweke kwenye mboji.

Kuna vyombo ambavyo havina mjadala. Kilichowahi kuwekwa kiuatilifu, oili ya injini, rangi au tindikali ya betri kisiingie kwenye kazi ya chakula hata kikioshwa mara kumi.

Vyombo vya plastiki na bati vilivyowahi kuwa na miche vioshe kwa sabuni, kisha vitie kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kutakatishia nguo nyeupe, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, kwa dakika kumi hivi, halafu visuuze na uvianike. Ukivaa glovu ni vizuri, na usiichanganye dawa hiyo na kisafishio kingine chochote. Karatasi haiwezi kusafishwa. Tumia mara moja tu.

Hukutaja udongo, lakini unahusika. Udongo wa bustani peke yake ukiwa ndani ya kikombe hushikamana na kukosa hewa, na ndio unaobeba vimelea vya kinyausi. Changanya sehemu mbili za udongo mzuri wa juu, sehemu moja ya mboji iliyoiva na sehemu moja ya mchanga wa mtoni, upitishe kwenye chekecheke. Samadi mbichi usiiweke, inaunguza mizizi michanga. Majani ya chai na machicha ya kahawa pia yapeleke kwenye mboji kwanza; machicha ya kahawa yasiyooza hudumaza mbegu zinazochipua. Kama umekuwa ukipoteza miche kila mara, tibu udongo kwa joto. Uloweshe kidogo, utie kwenye sufuria kuukuu, ufunike, uupashe hadi ufike nyuzi 80 za Selsiasi hivi kwa nusu saa. Usiukaange kupita hapo. Kama huna haraka, utandaze ukiwa na unyevu, uufunike kwa plastiki inayopitisha mwanga, ukiikandamiza kingo, na uuache kwenye jua kali kwa wiki nne hadi sita.

Mbegu zisiwe nyingi ndani ya kopo moja. Miche iliyosongamana huzuia hewa kupita, na kinyausi kikianza kwenye mmoja kinaifagia yote. Weka mbegu mbili kwa kila kikombe kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya unene wake. Kwa nyanya ni kama nusu sentimita au zaidi kidogo. Saladi isiyofunikwa kabisa huota vizuri zaidi kwa kuwa mbegu yake hutaka mwanga. Ikiota yote miwili, kata mdhaifu kwa mkasi. Ukiung'oa unatikisa mizizi ya mwenzake. Na kama mbegu ni za zamani, kabla ya kujaza vyombo vyote chukua kumi, zikunje ndani ya karatasi ya jikoni yenye unyevu, zitie kwenye mfuko wa plastiki na uziweke mahali penye joto la kadiri. Baada ya siku saba hadi kumi hesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya tano, panda kwa wingi zaidi au tafuta mbegu nyingine. Ya vitunguu huzeeka haraka. Ya nyanya na matango hudumu miaka kadhaa ikihifadhiwa pakavu.

Unaweza kufunika vyombo kwa mfuko wa plastiki angavu au nusu ya chupa ili unyevu usitoke kabla mbegu hazijaota. Lakini siku unapoona miche ya kwanza imeinua vichwa, ondoa. Watu huacha kifuniko siku tatu nne zaidi kwa huruma, na hizo ndizo siku ambazo kinyausi kinaingia.

Tukija kwenye miche mirefu myembamba, hiyo ni njaa ya mwanga, na dirisha ndilo linaloisababisha. Kwa macho yetu dirishani kuna mwanga tele, lakini mche unapata wa upande mmoja na kwa saa chache. Joto likiwa juu huku mwanga ni hafifu, shina hukimbilia juu. Mbegu haihitaji mwanga mwingi hadi ichipue, ila ikishachipua itoe nje siku hiyohiyo au inayofuata, mahali penye mwanga mwingi na jua laini la asubuhi, pasipo na mvua ya kupiga. Kama ni lazima ibaki ndani, pasua boksi la juisi, ligeuze upande wa alumini uelekee miche, ulisimamishe upande wa pili wa dirisha. Linarudisha sehemu ya mwanga ambayo ingepotelea chumbani. Geuza vyombo kila siku. Ukitumia taa, iweke sentimita chache juu ya majani kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Taa ya dari haifai kitu.

Kuna jambo dogo ninalolipenda kwa kuwa linafanya kazi kweli: pitisha kiganja au kipande cha karatasi juu ya vichwa vya miche, taratibu, mara kadhaa kwa siku majani yakiwa makavu. Mtikisiko huo, sawa na wa upepo, huufanya mche utengeneze shina fupi na nene. Nyanya iliyokwisha kurefuka pia haijapotea. Unapoihamishia kwenye kikombe kikubwa, izike hadi karibu na majani ya mbegu. Shina lililozikwa litatoa mizizi mipya. Kabichi nayo inaweza kuzikwa hadi majani ya chini. Saladi usiizike hivyo, moyo wake ukifunikwa unaoza. Wakati wote wa kuhamisha, shika mche kwa jani. Jani likichanika litaota jingine, lakini shina likibinywa ndio mwisho.

Kwa kumwagilia miche midogo, pasha sindano, toboa matundu manane hadi kumi kwenye kifuniko cha chupa, jaza maji na ubinye. Maji yatatoka laini bila kuchimba udongo. Njia bora zaidi kwa vyombo vya plastiki ni kuviweka kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita mbili hadi uso wa udongo ubadilike rangi, kisha uvitoe vichuruzike. Uso unabaki mkavu zaidi, na shingo ya mche haikai kwenye tope.

Miche yako inaungua bustanini kwa sababu imetoka dirishani moja kwa moja. Jani lililokulia ndani ni laini na halina nta ya kutosha. Jua kamili linaligeuza jeupe kwa siku moja. Izoeshe kwa siku saba hadi kumi: siku ya kwanza saa moja au mbili za jua la asubuhi, kisha ongeza kidogo kidogo, huku ukipunguza maji bila kuiacha inyauke. Kabichi na nyanya huwa tayari zikiwa na wiki nne hadi sita, hoho wiki sita hadi nane. Matango na maboga yasizidi wiki tatu. Karoti na figili usizioteshe kitaluni hata kidogo, ziweke shambani moja kwa moja. Panda jioni au siku ya mawingu, mwagilia chombo kabla ya kutoa mche, mwagilia shimo, na uweke kivuli kwa siku tatu au nne. Boksi lililofunguliwa na kuegeshwa upande wa jua la mchana linatosha.

Huyo anayekata mashina usiku ni sota, kiwavi mnene wa kijivu au kahawia anayejificha udongoni mchana akiwa amejikunja. Ukikuta mche umekatwa, fukua kuzunguka pale kwa kina cha sentimita chache asubuhi hiyohiyo. Mara nyingi utampata, na ukimwua umeokoa miche ya jirani. Usipomtafuta atarudi usiku unaofuata. Kinga yake ni bangili ya karatasi. Kata mrija wa karatasi ya chooni au kikombe kisicho na kitako, kimo cha sentimita nane hivi, uuvishe mche wakati wa kupanda, sentimita tatu ziingie ardhini na zilizobaki zisimame juu. Sota hutaka kulizunguka shina ili alikate, na bangili inamzuia kulifikia. Hakikisha hakuna aliyejificha ndani kabla hujaifukia, na ondoa majani makavu na magugu yanayogusana na ukingo, maana hayo ni daraja lake. Mabua makubwa ya magugu uyang'oe wiki mbili tatu kabla ya kupanda ili viwavi wakose chakula.

Chupa kubwa ya plastiki angavu iliyokatwa kitako hufunika mche mzima dhidi ya konokono, panzi na baridi ya usiku. Kifuniko chake kitoe. Jua likipanda, ndani ya chupa iliyofungwa joto hupanda haraka sana na mche unaweza kuiva kabla ya adhuhuri. Mahali penye jua kali iondoe kabisa mchana. Ikandamize ardhini sentimita mbili tatu ili upepo usiibebe, na usiiache majani yanapoanza kugusa ukuta.

Pazia la zamani la wavu mwembamba, likitandazwa juu ya fito zilizopindwa na kufukiwa kingo, huzuia vipepeo wa kabichi, nondo, panzi na kuku. Chandarua chakavu kisichofaa tena kulalia hufanya kazi hiyo pia. Lakini usikitegemee kuzuia inzi weupe: matundu yake ni zaidi ya milimita moja, na mdudu huyo hupita. Yeye ndiye anayesambaza virusi vya kukunja majani ya nyanya, ugonjwa usio na tiba, kwa hiyo kwa kitalu cha nyanya tafuta kitambaa chenye matundu madogo zaidi yanayoacha mwanga upite, na kikae tangu siku mbegu inapochipua. Nyanya zako zisipofunikwa, kagua chini ya majani kila siku chache. Sahani za kung'aa na vipande vya alumini vya kutishia ndege husaidia kwa siku chache tu, kisha ndege huzizoea.

Ukiona mbegu za saladi zinatoweka kabla ya kuota, mara nyingi ni sisimizi. Weka vyombo juu ya meza ndogo na kila mguu wa meza uusimamishe ndani ya kopo lenye maji na matone ya sabuni. Sabuni inawazuia kuelea na kuvuka, na mbu hawatazaliana humo iwapo utabadilisha maji kila baada ya siku chache. Meza isigusane na ukuta.

Bangili ya plastiki itoe shina likifikia unene wa penseli, kwa kuipasua upande mmoja na mkasi bila kuvuta mche. Ya karatasi iache, itaoza yenyewe. Zile chupa na vikombe vioshe vikiwa bado vibichi, kabla udongo haujagandia ndani, uvihifadhi mahali pa kivuli, kwa sababu jua ndilo linaloifanya plastiki ipasuke mapema.